Bangkok kwa bajeti ndogo: kilo zilinifunza

Safari yangu ya kwanza Bangkok nilibana kila kitu. Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi nilipanda treni mpaka Ratchaprarop, nikaachana na teksi. Nikalala chumba cha vitanda vingi, nikala mtaani.

Pratunam, maduka mengi ukichukua nguo kuanzia 3 unapata bei ya jumla. Nikapagawa na jinzi, nikajaza mabegi bila kupima. Kurudi, nikalipishwa kilo za ziada. Faida yote ya jinzi ikaishia pale.

Siku hizi natembea na mzani mdogo wa mkononi. Napima nguo moja, napiga hesabu ya usafiri wake, najumlisha na bei ya kununulia. Hapo ndo najua niuze ngapi.

Jamani, kabla hujauliza bei, uliza uzito.