Vyura Wadogo wa Shambani: Jinsi ya Kuwatofautisha, na Kwa Nini Inakuhusu Wewe Mkulima

Mvua zikishika tu, kuna swali huwa linanifikia kutoka kwa vijana wanaolima mpunga na mboga mabondeni: "Bwana shamba, hivi vyura vidogo vinavyopiga kelele usiku kucha, vinaniharibia miche?"

Jibu fupi: hapana. Chura aliyekomaa hali miche. Anakula wadudu na viumbe vingine vidogo vinavyoenea mdomoni mwake. Kiluwiluwi wake naye kwa kawaida hula ukoga na mabaki yaliyooza majini.

Jibu refu ndilo la leo. Unaposema "hawa vyura", unakuta kwenye bonde moja wapo wa spishi nne, tano au zaidi. Kila moja ina mahali pake pa kutagia na mahitaji yake. Ukiwajua, unaweza kulisoma shamba lako: maji yako yakoje, kingo za mfereji zikoje, na dawa unayopiga inaishia wapi. Usipowajua, unaweza kufyeka kitu usichoweza kukirudisha.

Tuanze na mpunga ili tuelewane

Wengi mnajua Supa na SARO 5. Ni mbegu mbili tofauti, lakini zote ni spishi moja, Oryza sativa. Kuna mpunga mwingine wa asili ya Afrika Magharibi, Oryza glaberrima. Huo ni spishi nyingine, ila uko kwenye jenasi ileile ya Oryza. Ukipanda ngazi moja juu, mpunga, mahindi na mtama wote wako kwenye familia moja ya nyasi. Kwa hiyo ngazi ni tatu: familia, jenasi, spishi.

Vyura nao wanapangwa hivyohivyo. Duniani zimeshatambuliwa spishi zaidi ya 7,000 za vyura, na wengi wako nchi za joto. Wapo wadogo kupita kiasi: Paedophryne amauensis wa Papua New Guinea, aliyetangazwa mwaka 2012, ana urefu wa wastani wa milimita 7.7. Huyo anakaa juu ya ukucha wako na nafasi inabaki. Wetu wa mabondeni ni wakubwa kidogo, wengi wana sentimita 2 hadi 3.

Kosa kubwa ni kuwatenganisha kwa rangi peke yake. Mfano ni vyura wa matete wa jenasi Hyperolius, yenye spishi zaidi ya 100 Afrika. Katika baadhi ya spishi hizo, vijana wote wanatoka majini wakiwa na rangi ya kahawia au kijani iliyopauka. Jike akikomaa anabadilika na kuwa na rangi kali au madoadoa, na madume wengi wanabaki na rangi ya utotoni. Ukiwaona kwenye tete moja unaweza kuapa ni wa aina mbili, kumbe ni mume na mke.

Kuna na kinyume chake: vyura wawili wanaofanana kama pacha, kumbe ni spishi mbili. Ndiyo maana wataalamu siku hizi hawaamini macho peke yake. Wanarekodi sauti, maana kila spishi ina mlio wake ambao dume anamwitia jike. Halafu wanapima vinasaba. Arne Schiøtz, mtafiti kutoka Denmark, ni mmoja wa waliotumia sana sauti kuwapanga vyura wa matete wa Afrika.

Angalia mayai

Wewe huna maabara, lakini una tochi na macho. Njia rahisi kwa mkulima ni kuangalia chura anataga wapi. Hapa naweka makundi matano ya vyura wadogo wa kwetu Afrika Mashariki.

1. Wa kwenye madimbwi (jenasi Phrynobatrachus). Ni wadogo, wa kahawia, wanarukaruka kwenye tope pembeni ya jaruba na kwenye madimbwi ya barabarani. Vidole vyao havina vibonge vikubwa vya kunatia. Mayai yao yanaelea juu ya maji kama utando mwembamba. Hawa wanavumilia mengi, hata maji ya muda mfupi yanawatosha. Ukibaki nao hawa tu, usifurahi haraka, nitaeleza mbele.

2. Wa matete (jenasi Hyperolius). Ngozi laini, vidole vina vibonge vya kunatia, mboni ya jicho imelala. Hapa kutaga kunatofautiana. Hyperolius mitchelli anabandika mayai kwenye majani yaliyoinama juu ya maji, na viluwiluwi wakiwa tayari wanadondoka majini. Hyperolius pusillus, mdogo wa kijani ambaye mwili wake karibu unaona ndani, hutaga katikati ya majani ya yungiyungi yaliyolaliana. Wengine hutaga majini kabisa. Lakini wote wanataka mimea kwenye maji au juu yake. Ukifyeka kingo zote za mfereji mpaka udongo uwe mweupe, umewaondolea chumba cha uzazi.

3. Wa kukunja majani (jenasi Afrixalus). Wanafanana na wa matete, ila mboni ya jicho lao imesimama kama ya paka. Hapo ndipo pa kuwatenganishia. Hawa wanataga kwenye jani, kisha wanalikunja na kulibandika kwa ute ili kuficha mayai. Ukiona jani la nyasi karibu na maji limekunjwa vizuri kama limegundishwa kwa gundi, usilifungue kwa nguvu. Inaweza kuwa kazi yake.

4. Wa chini ya majani makavu (jenasi Arthroleptis). Huyu haendi kwenye maji kabisa. Anataga kwenye udongo wenye unyevu chini ya majani makavu, na yai linaanguliwa likiwa chura kamili, hatua ya kiluwiluwi haipo. Dume ana kidole kimoja cha mkono kirefu kupita vingine. Sauti yake nyembamba wengi wanaidhania ni nyenje. Wa jenasi hii unaweza kuwakuta msituni na hata chini ya migomba yenye matandazo. Ukichoma majani makavu kila mwaka, usimtafute.

5. Wanaozaa (jenasi Nectophrynoides). Hawa ni wa misitu na milima ya Tanzania, huwakuti jarubani. Yai linakulia tumboni mwa mama, naye anazaa vitoto vilivyokamilika. Ni jambo la nadra sana kwa vyura duniani. Nawaweka hapa kwa sababu kisa chao kinamhusu kila anayelima juu ya chanzo cha maji.

Kisa cha Kihansi

Mwaka 1996, watafiti walimkuta chura mdogo wa njano kwenye bonde la maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa. Jike alikuwa hafikii sentimita 3. Mwaka 1999 akapewa jina rasmi, Nectophrynoides asperginis. Eneo lake lote duniani lilikuwa kama hekta 2, pale panapolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Fikiria: kuna vijana humu wana shamba la nyanya kubwa kuliko hapo.

Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji, karibu asilimia 90, ilichepushwa. Manyunyu yakakatika. Wakawekewa mabomba ya kunyunyizia, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2003, wale waliobaki bondeni walipukutika ndani ya muda mfupi. Mambo yaliyotajwa kama sababu ni ugonjwa wa ngozi wa vyura unaoletwa na kuvu, kukosekana kwa manyunyu ya kutosha, na viuatilifu vya mashamba ya juu vilivyohisiwa kushuka na tope bwawa lilipofunguliwa kusafishwa. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wale wa Marekani ndio walioiokoa spishi: walianza kurudishwa Tanzania mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Sisemi kwamba mkulima ndiye aliyemmaliza chura wa Kihansi. Ninachosema ni kwamba dawa haibaki pale ulipoipigia. Inafuata maji, na maji yana wapangaji usiowajua.

Bado wanagunduliwa

Mtu anaweza kusema, "Si wameshahesabiwa wote?" Hapana. Mwaka 2023 alitangazwa Hyperolius ukaguruensis kutoka milima ya Ukaguru, Morogoro. Huyu dume wake halii kabisa, na kooni ana vimiba vidogo. Mwaka 2025 zikatangazwa spishi tatu mpya za wale wanaozaa. Zamani waliwekwa chini ya jina moja la Nectophrynoides viviparus, lililotolewa mwaka 1905. Watafiti walipopima vinasaba vya vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa makumbusho, pamoja na sura na sauti, wakakuta ni wengi.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Jina moja likigawanyika mara nne, kila spishi inabaki na eneo dogo zaidi. Uliyedhani yuko milima yote, kumbe yuko mlima mmoja tu. Safu za Tao la Mashariki, kuanzia vilima vya Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, zimejaa viumbe wa namna hii. Tathmini ya dunia iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha kuwa karibu asilimia 41 ya amfibia wako hatarini kutoweka.

Sasa inakuingizia hela gani?

Tuongee ukweli, maana humu tunalima kibiashara. Chura mdogo hatakumalizia viwavijeshi kwenye mahindi. Anakula sisimizi, mbu, inzi wadogo na wadudu wadogo warukao kwenye mpunga, na anaweza kula buibui ambaye naye ni rafiki yako. Usitupe mpango wako wa kudhibiti wadudu kwa sababu yake. Mhesabu kama kibarua mmoja kati ya wengi, asiyelipwa.

Faida yake kubwa ni taarifa. Ngozi ya chura inapitisha maji na hewa, na pamoja navyo inapitisha dawa. Kwa hiyo anaumia mapema. Kama zamani bonde lako lilikuwa na makundi matatu na sasa wamebaki wale wa madimbwi tu, jiulize nini kimebadilika: kingo zimefyekwa, maji yanakauka mapema, au dawa inaingia mferejini? Hayo maji ndiyo unayonyweshea, na pengine ng'ombe wako na majirani wa chini wanayatumia.

Mambo ya kufanya ni haya:

- Acha ukanda wa nyasi na matete kando ya mfereji na jaruba, angalau upande mmoja. Ukifyeka, fyeka kwa zamu. Usimalize pande zote siku moja.
- Usioshe pampu ya dawa mferejini wala kumwaga mabaki humo. Usipige dawa mvua ikinukia. Soma lebo. Baadhi ya viuagugu vya glaifosati vimechanganywa na sabuni ya kunatisha dawa ambayo ni hatari kwa viluwiluwi, hivyo usidhani dawa ya magugu inaua magugu tu.
- Usiachie kambale au sato kwenye kinamasi cha asili. Watakula viluwiluwi. Samaki wafugwe bwawani.
- Usihamishe vyura au viluwiluwi kutoka bonde moja kwenda jingine, hata kwa nia njema. Unaweza kuhamisha ugonjwa.
- Kama unapanga kufungua shamba jipya kando ya mto, ziwa au bwawa, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004. Inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Ulizia kabla hujaweka hela yako.

Kazi ya nusu saa

Usiku baada ya mvua, chukua tochi, buti na simu. Simama kimya dakika kumi ukingoni, rekodi sauti, hesabu ni milio mingapi tofauti unayoisikia. Kisha tembea polepole ukiangalia macho: mboni imelala au imesimama? Vidole vina vibonge? Kuna mayai kwenye maji, juu ya jani, au ndani ya jani lililokunjwa? Piga picha bila kumshika. Ukilazimika kumshika, mikono iwe na maji safi, isiwe na dawa, na unawe ukimaliza.

Andika kwenye daftari lako la shamba: tarehe, mahali, makundi uliyoyaona. Si lazima ujue jina la Kilatini, "mboni imesimama, jani limekunjwa" inatosha. Rudia msimu ujao, mahali palepale. Daftari la mbegu na mbolea unalo tayari, ongeza ukurasa mmoja wa vyura. Kundi moja likipotea, utajua mapema, wakati bado unaweza kurekebisha.