Mama, umeangalia shene ya pikipiki juma hili?



Juma hili hatuzungumzi juu ya uji wa mtoto wala juu ya sabuni. Tunazungumza juu ya shene ya pikipiki. Najua wengine watasema: "Hiyo ni kazi ya wanaume na mafundi." Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku shene ya pikipiki yetu ilipokatika na mama mwenzetu akavunjika mkono.

Pikipiki ile tuliinunua kwa mkopo wa AVEC yetu, hapa Bukavu. Kijana wangu wa kwanza aliiendesha, na kila jioni alileta pesa: sehemu ya kurudisha mkopo, sehemu ya chakula, sehemu ya minervali ya wadogo zake. Mwezi wa saba, vumbi likiwa jingi njiani, shene ikaanza kulia kama mtu anayetafuna mchanga. Ilikuwa imelegea, inagonga kifuniko chake. Kijana akaipeleka kwa fundi wa kando ya njia. Fundi akaikaza sana, kama kamba ya gitaa. Akaigonga kwa kidole, akasema: "Sasa iko sawa, haitatoka tena." Tukamlipa, tukafurahi.

Hayakupita majuma mawili. Kijana alikuwa anatoka soko la Mudaka, amebeba mama mmoja na mfuko wake wa unga wa muhogo. Wakati wa kupanda mlima, gurudumu likaingia ndani ya shimo, shene ikakatika. Ikajikunja karibu na moteri, gurudumu la nyuma likashikwa, wote wawili wakaanguka. Kijana alichubuka magoti tu. Mama yule alivunjika mkono wa kuume, mkono anaolimia na kupikia. Matibabu yake tuliyalipa sisi. Kwa majuma sita sikupeleka kitu kwa AVEC, na wamama wenzangu ndio walionibeba.

Kwa nini shene iliyokazwa ilikatika?

Fundi mwingine, mzee wa mtaa wetu, ndiye aliyenifungulia macho. Baada ya kutia shene mpya, aliniita: "Mama, leta mkono." Akanionyesha sehemu ya chini ya shene, katikati ya moteri na gurudumu la nyuma. Nikaisukuma kwa kidole: ikapanda na kushuka kidogo. Kisha akaita vijana wawili wakae juu ya pikipiki. Nikasukuma tena. Safari hii ilikuwa karibu haitikisiki.

"Umeona?" akasema. "Watu wakipanda, sehemu ya nyuma ya pikipiki inashuka, na shene inajivuta. Ile nafasi ndogo uliyoiona ndiyo inayoiokoa. Mtu akiimaliza pikipiki ikiwa tupu, siku ya mizigo shene itapata wapi nafasi?"

Tangu siku ile nilielewa. Shene iliyolegea ni hatari, kwa sababu inaruka meno, inatoka, na inaweza kushika gurudumu au kupasua karteri ya moteri. Lakini shene iliyokazwa mno ni hatari pia: inakula roulma za gurudumu na za moteri, inakula meno, na mwishoni inakatika. Na sisi hapa tunapakia pikipiki zetu watu, mifuko, makaa, hata mbuzi. Kwa hiyo nafasi ile tusiicheze.

Kupima kwa rula ya mtoto

Kazi hii haiombi nguvu. Inaomba rula ya shule na dakika tano. Mimi ninaifanya kila siku ya Yenga, pikipiki ikiwa imepumzika na imepoa.

1. Simamisha pikipiki kwa stendi yake ya katikati, mahali palipo sawa. Moteri izimwe, ufunguo utolewe, vitesi viwe huru. Mtu asipande juu.

2. Weka rula katikati ya sehemu ya chini ya shene. Ishushe kwa kidole, soma. Ipandishe, soma tena. Kwa pikipiki nyingi ndogo za taksi, tofauti inayofaa ni kama sentimeta 2 hadi 3. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Kama shene imefunikwa nzima, kuna kizibo kidogo cha mpira kwa kifuniko: kitoe, upimie hapo.

3. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, upime mahali patatu au pane. Shene haichakai sawasawa. Chukua kipimo cha mahali ilipokaza zaidi. Ukirekebisha kwa kufuata mahali palipolegea, pale pengine patakaza mno.

Kama kipimo ni kizuri, funga kazi yako. Kama si kizuri, mwambie dereva au fundi arekebishe, na wewe simama pale uangalie mambo haya:

Kwanza, analegeza ekru kubwa ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Kisha anazungusha ekru ndogo za kurekebisha, upande wa kushoto na wa kulia, kwa kiasi kilekile. Kwa mikono ya chuma inayoshika gurudumu kuna alama zilizochorwa. Pande zote mbili lazima zisimame kwa alama moja. Upande mmoja ukizidi, gurudumu linakaa kombo, shene inakula meno upande mmoja, na pikipiki inavuta pembeni.

Pili, akimaliza kukaza ekseli, apime shene tena. Mara nyingi kipimo kinabadilika wakati wa kukaza. Mafundi wenye haraka wanaruka hatua hii.

Tatu, aangalie freni ya nyuma. Gurudumu likivutwa nyuma, freni ya fito inajikaza yenyewe. Freni ikigusa wakati wote, inapata moto na kuisha. Lazima irekebishwe pia. Zungusha gurudumu kwa mkono: lizunguke bila kushikwa.

Kusafisha na kutia mafuta

Shene inakufa kwa vumbi na ukavu. Wakati wa kiangazi vumbi letu linaingia ndani yake na kuisaga. Wakati wa mvua, tope na maji vinaondoa mafuta, kutu inaingia. Vitabu vingi vya pikipiki vinaomba kutia mafuta kila kilometa 500 hivi. Kwa pikipiki ya taksi hizo ni siku chache tu, kwa hiyo kwetu kanuni ni rahisi: mara moja kwa juma, na tena kila baada ya mvua kubwa.

Tumia petroli, ile ya taa, pamoja na burashi kuukuu. Usitumie esansi, inawaka upesi. Sugua, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha tia mafuta safi na mazito, kama yale ya namba 90 ya buati ya vitesi, kwa upande wa ndani wa shene, ukizungusha gurudumu kwa mkono. Pangusa yaliyozidi, maana yanashika vumbi. Ukifanya hivyo jioni, mafuta yana usiku mzima wa kuingia.

Wengi wanatia mafuta machafu yaliyotoka kwa vidanje kwa sababu ni ya bure. Mafuta hayo yamebeba uchafu na unga wa chuma kutoka moteri. Bure hiyo inakula shene yako.

Na jambo hili ninaliandika mara mbili kwa ajili ya vijana wetu: usisafishe shene moteri ikizunguka. Usisafishe shene moteri ikizunguka. Kitambaa kinavutwa, na vidole vinafuata. Vidole vilivyokatwa na meno ya shene havirudi.

Lini inabadilishwa?

Shika shene pale inapozunguka kuroni, ile yenye meno ya gurudumu la nyuma, uivute nyuma. Ikiachana na kuroni mpaka unaona karibu nusu ya jino, imekwisha. Angalia na meno yenyewe: yakiwa makali na yamelala upande mmoja kama ndoano, nayo yamekwisha. Tena, kama ekru za kurekebisha zimefika mwisho, usikubali fundi akate kipande cha shene ili ifupike. Shene iliyochakaa inabaki imechakaa.

Badilisha vitatu kwa pamoja: shene, kuroni na pinyo ndogo ya mbele. Shene mpya juu ya meno ya zamani inaharibika upesi. Kama shene inafungwa kwa klipsi, upande wa klipsi uliofungwa utangulie mwendo wa shene, na upande wenye mdomo wazi ubaki nyuma.

Katika AVEC yetu, wamama wenye pikipiki sasa wanaweka kila juma pesa kidogo pembeni kwa ajili ya shene na matairi, kabla ya kugawa ya chakula. Mwanzoni ilituuma. Leo hakuna anayekopa tena kwa sababu ya shene.

Na wewe unayepanda tu

Hata kama huna pikipiki, shene inakuhusu. Kwa pikipiki nyingi za hapa iko upande wa kushoto, karibu kabisa na kikwembe chako. Kabla ya kupanda, angalia kama kifuniko cha shene kipo. Kama hakipo, tafuta pikipiki nyingine. Kunja ncha za kikwembe, uzikalie. Kitambaa cha kubebea mtoto kifungwe vizuri, kisibaki kinaning'inia. Kikwembe kikiingia kwa shene, kinamvuta mama pamoja na mtoto.

Na ukisikia shene inagonga au inalia njiani, mwambie dereva kwa upole: "Mwanangu, shene yako inalia, iangalie." Hakuna aibu. Mama yule aliyevunjika mkono aliniambia baadaye kwamba alisikia kelele tangu Mudaka, lakini alinyamaza, akidhani hayo si mambo ya wamama.

Mkono wake umepona, ijapokuwa wakati wa baridi bado unamuuma. Juma lililopita alikuja kwangu kabla ya kwenda soko. Kijana alitaka kuwasha moteri, lakini yeye alikuwa ameinama tayari, kidole kwa shene. Akaisukuma juu, akaisukuma chini, akasema: "Sasa twende."

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete rula moja. Tutapima pamoja.