Winda jeusi, winda jeupe

Msikilizaji, kila mwezi wa Novemba mji wa Fukuoka, kusini mwa Japani, hujaa wacheza sumo. Mashindano makubwa ya mchezo huo ni sita kwa mwaka, kila moja la siku 15, na la kufunga mwaka hufanyika huko. Kambi huhama kutoka Tokyo na kupanga kwenye mahekalu na viwanja vya mji. Huko ndiko nilikokwenda alfajiri moja kutazama mazoezi.

Mgeni huketi chini na kunyamaza. Mbele yake ni ulingo wa udongo, duara la mita 4.55. Wadogo huanza mapema, wakubwa huja baadaye. Hunyanyua mguu mmoja juu na kuukita chini kwa kishindo, tena na tena, na hakuna aliyetia kitu tumboni: chakula ni baada ya mazoezi. Kisha hupambana. Mshindi hubaki ulingoni na kuchagua mpinzani mwingine.

Jambo la kuangalia ni rangi ya winda. Wengi hupiga winda jeusi, wachache jeupe. Jeupe ni la madaraja mawili ya juu, yenye nafasi 70 tu kati ya wanamieleka wapatao 600. Hao hulipwa mshahara, na hata aliye daraja la pili hupata zaidi ya yeni milioni moja kwa mwezi. Mwenye winda jeusi hana mshahara. Ana pa kulala, ana chakula na posho ndogo ya mashindano. Naye hupika, hufua na kuwahudumia wakubwa. Wengi huingia wakiwa na miaka 15, na wengi hustaafu bila kulivaa jeupe.

Utii wa namna hiyo una hatari yake. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alikufa baada ya kupigwa kambini, na mkuu wa kambi akahukumiwa kifungo. Nidhamu ni kitu kimoja, msikilizaji, na mateso ni kingine.

Mazoezi yalipokwisha nilishuka hadi ufuko wa Momochi. Mchanga wake uliletwa na watu, na ardhi iliyo nyuma yake ilikuwa bahari, ikafukiwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1989. Lakini ghuba ni ya kale. Hapo majeshi ya Wamongolia yalishuka mwaka 1274, yakarudi 1281. Wajapani walijenga ukuta wa mawe kuyazuia, na masalio yake yangalipo. Leo Wamongolia wanashangiliwa mji ule ule: Hakuho, mzaliwa wa Ulaanbaatar, alitwaa ubingwa mara 45, rekodi ya mchezo huo.

Afrika nayo ilifika. Osunaarashi, kijana wa Misri, alifunga Ramadhani mwaka 2013 huku akishindana, na Novemba ya mwaka huo, hapo hapo Fukuoka, akapanda daraja la juu kabisa.

Basi ukiiona sumo kwenye televisheni, usicheke matumbo makubwa. Kila jitu unaloliona lilianza na winda jeusi, na nyuma yake wapo mamia ambao kamera haiwafikii.