Je, Wajua? Runinga Huanza Kukaguliwa Mgongoni

Je, wajua kwamba runinga bapa ya inchi 43 inaweza kuwashwa Olenguruone, Kenya, ikaunganishwa na antena nzuri, na bado isionyeshe stesheni hata moja? Kenya ilizima matangazo ya analogia kati ya Desemba 2014 na Juni 2015, na mfumo wa kidijitali uliochukua nafasi yake ni DVB-T2. Runinga ya mtumba yenye mfumo wa awali wa DVB-T pekee ina tundu lilelile la antena, lakini haiwezi kuyafasiri matangazo ya DVB-T2. Ndiyo maana nasema mnunuzi aigeuze kwanza, asome nyuma, kabla ya kuvutiwa na upana wa kioo.

Wapo watakaosema king'amuzi kitamaliza tatizo. Ni kweli, ila kitakula umeme wake na kujaza tundu la HDMI. Likiwa moja tu, king'amuzi na kompyuta vitapokezana kila jioni. Wengine watataja nyaya za AV. Ule wa njano hubeba picha ya analogia isiyozidi mistari 576, ilhali HDMI hubeba 1080 pamoja na sauti. Hata hivyo AV isidharauliwe: deki kuukuu ya DVD huenda haina njia nyingine. Na kwa boma la ukingoni mwa msitu wa Mau linalotegemea sola, tundu la thamani zaidi ni lile dogo la mviringo lililoandikwa DC 12V, kwani runinga huchota umeme moja kwa moja kwenye betri, bila inveta inayopoteza sehemu yake kuwa joto.