Dodoso Likivuka Lugha: Kutafsiri Peke Yake Hakutoshi



Mara nyingi kamati za parokia hupewa dodoso la Kiingereza na kuombwa kulitafsiri haraka kabla ya kwenda vijijini. Je, kutafsiri maneno kunatosha? Mfano kutoka Hispania unatusaidia kujibu.

Mwaka 1998 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitoa dodoso liitwalo VISA-P. Linahusu maumivu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, yanayowasumbua sana wachezaji wa voliboli na mpira wa kikapu kwa sababu ya kurukaruka. Lina maswali 8, kwa mfano: unaweza kukaa muda gani bila maumivu? Unaumia ukishuka ngazi? Alama 100 maana yake mtu hana tatizo. Swali likieleweka vibaya, mchezaji anaweza kurudishwa uwanjani kabla hajapona.

Toleo la Kihispania lilichapishwa mwaka 2011. Kazi ya namna hii hufuata hatua hizi:

1. Watafsiri wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, kisha tafsiri zao huunganishwa.
2. Watu wengine, ambao hawajaona dodoso la awali, huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza. Hapo makosa hujitokeza.
3. Kamati ya wataalamu wa afya na lugha husawazisha tofauti.
4. Watu wachache hulijaribu na kueleza walivyoelewa kila swali.
5. Dodoso lenyewe hupimwa. Lile la Kihispania lilijazwa na watu 150, wakiwemo wazima, wenye ugonjwa huo na wenye majeraha mengine ya goti, ili kuona kama alama zinawatofautisha.

Jambo hili linatuhusu. Tukimwuliza mama kama mtoto amekuwa na homa, huenda yeye akafikiria malaria, na aliyetunga swali alimaanisha joto la mwili tu. Tukiuliza kuhusu maumivu ya mguu, mmoja atafikiria paja na mwingine unyayo. Takwimu zitatoka nzuri machoni, lakini dawa zitapelekwa pasipohitajika.

Tunaziomba kamati zisiruke angalau hatua ya 2 na ya 4. Siku mbili na watu kumi wa kijijini zinatosha kuanzia. Nanyi wafadhili wetu, mkikuta katika bajeti fungu la kujaribu dodoso, msilione kuwa ni anasa. Kumsikiliza mtu kwa lugha anayoielewa ni sehemu ya kumheshimu.