Figo Mpya, Ugonjwa wa Zamani

Mgonjwa anayepandikizwa figo katika hospitali ya Erie County Medical Center, mjini Buffalo, hukabiliwa na hatari mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kukataliwa, yaani kinga ya mwili kuiona figo kuwa kitu kigeni na kuishambulia; ya pili, isiyozungumzwa sana, ni kurudi kwa ugonjwa ulioua figo za awali, kwa kuwa chanzo chake huenda kilikuwa katika damu au katika kinga yenyewe, na figo mpya huwekwa katika mwili ule ule.

Tofauti hiyo ilidhihirika tangu upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, uliofanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, ambapo Richard Herrick alipewa figo ya pacha wake wa kufanana. Kinga yake haikuikataa, wala hakuhitaji dawa za kuituliza. Hata hivyo ugonjwa wake wa awali uliirudia figo hiyo, naye akafariki mwaka 1963.

Leo wagonjwa wengi hupewa dawa tatu kwa pamoja: takrolimusi, mikofenoleti na prednisoni. Ya mwisho ndiyo yenye mjadala mkubwa, kwa sababu hupandisha sukari, huongeza uzito na kudhoofisha mifupa, hivyo vituo kadhaa huiondoa siku chache baada ya upasuaji. Uamuzi huo huwafaa wengi, lakini si wote. Katika ugonjwa wa IgA, ambapo kingamwili za aina hiyo hujikusanya kwenye vichujio vya figo, uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba walioendelea na dawa za jamii ya prednisoni walipoteza figo kwa ugonjwa huo kurudi kwa kiwango kidogo zaidi.

FSGS, ugonjwa unaoacha makovu kwenye vichujio, una tabia nyingine. Aina yake ya msingi, isiyo ya kurithi wala kuletwa na tatizo jingine, huwarudia takriban theluthi moja ya waliopandikizwa, pengine ndani ya saa chache: mkojo hujaa povu kwa wingi wa protini, uso na miguu huvimba. Hapo dawa tatu za kawaida hazitoshi. Hulazimu kubadilisha utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kwa mashine, na mara nyingi kuongeza rituksimabu, dawa inayopunguza seli za kinga ambazo zikikomaa huzalisha kingamwili.

Takrolimusi nayo hudai uangalifu wa kila siku. Aina yake ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na siku ya kipimo mgonjwa hutolewa damu kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, la sivyo kiwango kitakachosomwa kitapotosha. Balungi ni mwiko, kwa kuwa hupandisha dawa hiyo katika damu hadi kuidhuru figo inayolindwa.

Buffalo ina Wakongo, Warundi na Wasomali wengi wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu nchini Tanzania, ambako kupata biopsi, yaani kipande cha figo kinachochunguzwa kwa hadubini, ni jambo gumu. Figo zikishakauka na kusinyaa, biopsi haisemi mengi tena, na daktari hulazimika kuchagua dawa bila kujua anapambana na nini. Kwa hiyo kila mwenye majibu ya biopsi, yawe ya Nairobi au Dar es Salaam, na ayapeleke katika kliniki ya upandikizaji kabla ya upasuaji, kisha aulize waziwazi: ugonjwa wangu unaitwaje, na je, prednisoni itaondolewa?