Sigara za Kielektroniki: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya vifaa vya simu na vibanda vya kando ya stendi, karibu na chaji na spika ndogo, siku hizi hupangwa vifaa vyembamba vyenye rangi za pipi na harufu ya embe, tikiti au mnanaa. Hizo ni sigara za kielektroniki, ambazo vijana wengi huziita vepu. Mzazi anayekikuta kifaa hicho kwenye begi la mwanafunzi aghalabu hudhani ni kalamu au flashi ya kompyuta. Muuzaji naye, akiulizwa kilichomo ndani, mara nyingi husoma maandishi ya pakiti kama asomavyo mteja, kwa kuwa hajui zaidi ya hapo.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Kina betri ya lithiamu, waya mdogo unaopata joto, pamba na kimiminika. Mtumiaji anapovuta, waya hupata moto, kimiminika kilicholowanisha pamba hugeuka ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni. Kimiminika hutengenezwa kwa gliserini, propilini glaikoli, viungo vya ladha na, katika bidhaa nyingi, nikotini. Kwa kuwa hakuna jani la tumbaku linaloungua, hakuna lami ya moshi wa sigara ya kawaida. Hapo ndipo lilipozaliwa dai kwamba kifaa hiki hutoa mvuke wa maji tu. Dai hilo si kweli. Ukungu huo hubeba chembe ndogo sana, na waya uliotengenezwa kwa metali duni unaweza kuongeza nikeli, kromiamu au risasi. Pamba ikikauka huku waya ungali unawaka, kemikali kali kama formaldehaidi huongezeka.

Jambo la kwanza la kusoma kwenye pakiti ni kiasi cha nikotini, na hapa wengi hupotezwa na asilimia. Maandishi ya "5%" huonekana kama kitu kidogo, lakini maana yake ni takriban miligramu 50 katika kila mililita. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza haziruhusu zaidi ya miligramu 20 kwa mililita, wala tangi linalozidi mililita 2. Hivyo kifaa kimoja halali huko hakizidi miligramu 40 za nikotini. Kifaa cha mililita 10 chenye "5%" hubeba miligramu 500, zaidi ya mara 12 ya kiwango hicho. Mvutaji wa sigara moja ya kawaida huingiza mwilini takriban miligramu 1 hadi 2. Ni kweli kwamba si nikotini yote iliyomo kwenye kifaa hufika katika damu, lakini sigara huisha mkononi na kumlazimu mvutaji kuwasha nyingine, ilhali kifaa hiki hakina mahali pa kumwambia mtumiaji kwamba amefika mwisho. Bidhaa nyingi za sasa hutumia chumvi za nikotini, zisizokwaruza koo; kijana ambaye sigara ingemkohoza tangu pafu la kwanza huvuta kifaa hiki bila kizuizi.

Swali zito zaidi, hata hivyo, ni nani alitengeneza kimiminika hicho na aliweka nini. Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea watu, wengi wao vijana, waliokuwa wakikohoa, wakibanwa kifua na pumzi, wakitapika na kupata homa. Hadi Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Wengi walikuwa wametumia vimiminika vyenye kilevi cha bangi, vilivyopatikana kwa marafiki au kwa wauzaji wasio rasmi. Wachunguzi walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta mafuta ya vitamini E asetati kwa wagonjwa 48. Mafuta hayo hutumika bila shida katika vipodozi na virutubisho vya kumeza. Wafanyabiashara waliyatumia kuongeza ujazo wa bidhaa, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuyaona wala kuyanusa.

Kwa sababu hiyo, pakiti isiyo na jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viambato haistahili fedha ya mtu yeyote. Pakiti iliyofunguliwa, au chupa iliyojazwa upya dukani, ni ya kukataa papo hapo. Wapo wanaotegemea alama ya kukwangua na kuipiga picha kwa simu ili kuhakiki. Tahadhari inahitajika hapa pia: anayeweza kughushi pakiti anaweza kughushi alama, na kuielekeza kwenye tovuti yake mwenyewe inayojibu kwamba bidhaa ni halisi. Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya mwaka 2015, na Uingereza ilizuia uuzaji wa zile za kutumia mara moja na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni, 2025. Si ajabu bidhaa iliyokataliwa kwingine ikatafuta soko mahali pengine kwa bei ya kutupa.

Betri nayo ina hatari zake. Mei 2018, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mtu mmoja alifariki baada ya kifaa chake kulipuka. Matukio ya namna hiyo ni machache, lakini majeraha ya moto kutokana na betri duni yanafahamika. Kifaa kisichajiwe usiku kitandani, wala kwa chaji ya simu yenye nguvu kuliko iliyoelekezwa. Kikiisha, kisitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto nyuma ya nyumba, kwa kuwa betri ya lithiamu hulipuka ndani ya moto.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, chupa ya kimiminika iwekwe mahali zinapowekwa dawa, tena penye kufuli. Mwishoni mwa mwaka 2014 mtoto mdogo alifariki katika jimbo la New York baada ya kumeza nikotini ya maji, na mwaka 2016 Marekani ikapitisha sharti la vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Mtoto aliyemeza anaweza kutapika, kutokwa mate na jasho jingi, kulegea au kupata degedege. Asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili mganga ajue kiwango alichomeza. Kimiminika kikimwagika kwenye ngozi, paoshwe kwa maji mengi.

Wapo watu wazima wanaonunua kifaa hiki kwa nia njema ya kuacha sigara. Uingereza huwaruhusu wahudumu wa afya kukipendekeza kwa mvutaji mzoefu. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi kama bidhaa ya kununua dukani kwa kusudi hilo. Mwenye nia hiyo aanze kwa ushauri wa kituo cha afya. Kwa asiyevuta kabisa, hakuna faida yoyote ya kuanza.

Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Tangu mwaka 2021 usimamizi wa bidhaa hizo uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mkazi aliyeuziwa kifaa kibovu au chenye maelezo ya uongo aitunze risiti ya EFD, pakiti na kifaa chenyewe, kisha avifikishe kwa Afisa Biashara wa Halmashauri. Tume ya Ushindani, FCC, nayo hupokea malalamiko ya bidhaa bandia. Mzazi anayefahamu duka linalowauzia wanafunzi aitaarifu Ofisi ya Mtendaji wa Kata au Afisa Afya wa Kata, akitaja mahali duka lilipo na siku aliyoshuhudia.